Je, wajua waimbaji wa zama za Renesansi, Ulaya ya karne ya 15 na 16, waliwezaje kuimba sauti nne bila kondakta, yaani mtu wa kusimama mbele na kuwaongoza?

Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, inahifadhi mchoro mdogo wa rangi wa miaka ya 1520. Ndani yake kuna kundi la waimbaji waliobanana mbele ya kinara kimoja, na juu ya kinara pana kitabu kimoja tu, kikubwa. Mzee mmoja kavaa miwani. Wataalamu wengi wanaamini ndiye Johannes Ockeghem, mtunzi aliyewatumikia wafalme watatu wa Ufaransa kwa kufuatana na kufariki mwaka 1497. Hakuna aliyewasimamia mbele akipunga fimbo.

Mtu aliyezoea nota za kwaya za leo akifunuliwa kitabu cha aina hiyo atashangaa tangu ukurasa wa kwanza. Sauti nne hazikupangwa moja chini ya nyingine. Upande wa kushoto, juu, imeandikwa sauti ya kwanza, soprano, peke yake, mwanzo hadi mwisho. Chini yake kuna tenor, pia peke yake. Upande wa kulia, juu ni alto na chini ni besi. Wa soprano hana njia ya kutazama besi anaimba nini wakati huohuo. Vile vistari vya wima vinavyogawa mapigo katika vipande viitwavyo baa navyo havipo, kwa hiyo hakuna mwalimu wa kwaya ambaye angeweza kusema, "Turudi baa ya 24." Ukipotea, umepotea.

Na bado watu hawa waliimba muziki ambao kwaya za leo huufanyia mazoezi kwa wiki nyingi. Kwa ufupi, karatasi ilifanya kazi ndogo na sikio likafanya kubwa. Maelezo yenyewe ni marefu kidogo.

Tuanze na kwa nini hawakuziandika sauti kwa kupangana. Ubahili una sehemu yake: vitabu vikubwa vya kwaya mara nyingi vilikuwa vya ngozi ya mnyama, na ngozi ilikuwa ghali. Katika misa ya wakati ule, yaani muziki uliotungwa kwa sala za Misa, tenor mara nyingi alibeba wimbo wa zamani wa kanisa, au hata wimbo wa mtaani, kwa nota ndefu mno. Soprano akiimba nota hamsini, tenor huenda ameimba tano. Ukizipanga sauti hizo wima, nusu ya ukurasa inabaki nyeupe. Ukiiacha kila sauti isimame kivyake, tenor anaishia kwenye mistari miwili na nafasi yote inatumika. Isitoshe, mwimbaji hakuhitaji kuona sauti za wenzake. Alihitaji kuzisikia, na masikio anayo.

Kilichowashikanisha kwanza ni pigo. Waliliita tactus: mkono unashuka, mkono unapanda, kwa mwendo usiobadilika. Mwimbaji mmoja angeweza kuupiga kwa mkono mahali wote wanapouona, au kila mtu akaubeba moyoni. Franchino Gaffurio, aliyeongoza muziki katika kanisa kuu la Milan, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1496 kwamba kipimo cha nota ya kawaida, semibrevi, kilingane na mshipa wa mtu anayepumua kwa utulivu. Hicho ndicho kipimo chao cha mwendo, na kila mtu alikuwa nacho kwenye kifundo cha mkono wake.

Nota zenyewe zilikuwa na ukorofi wake. Leo nota nzima ni mapigo manne, basi, hakuna mjadala. Wakati ule nota iitwayo brevi ingeweza kuwa na semibrevi mbili au tatu, kutegemea alama iliyowekwa mwanzoni: duara zima lilimaanisha tatu, nusu duara lilimaanisha mbili. Hata chini ya duara zima, nota ileile iliweza kupungua urefu kwa sababu tu ya jirani yake aliyefuata. Mwimbaji alisoma huku anapiga hesabu. Mtoto aliyeanza akiwa na miaka minane hakuona taabu, lakini mwanamuziki wa leo aliyehitimu chuoni akikutana nayo mara ya kwanza hutoka jasho.

Sikio lenyewe walilijenga kuanzia utotoni. Makanisa makuu ya Ufaransa ya kaskazini na nchi zilizo leo Ubelgiji na Uholanzi yalikuwa na shule za watoto wa kwaya, na wavulana waliishi hapohapo wakifundishwa kusoma, Kilatini na kuimba. Guillaume Dufay aliingia ya Cambrai mwaka 1409. Ockeghem, Jacob Obrecht, Josquin des Prez, Heinrich Isaac na baadaye Adrian Willaert na Orlando di Lasso wote walitoka ukanda huohuo, na Waitalia matajiri waliwagombania. Kwa takriban karne moja na nusu, mtawala wa Italia aliyetaka kwaya ya kujivunia aliagiza waimbaji kutoka kaskazini.

Msingi wa mafunzo ulikuwa silabi sita: ut, re, mi, fa, sol, la. Zilibuniwa na mtawa Guido wa Arezzo karne ya 11, akizichota kwenye utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila mmoja wa mistari yake sita ya kwanza huanza sauti moja juu ya uliotangulia. Aliyejifunza nyimbo za kanisa kwa solfa, Kenya au Tanzania, anatumia mjukuu wa mfumo huo. Ut baadaye ikawa do, silabi ya saba ikaongezwa, na karne ya 19 mchungaji wa Kiingereza John Curwen akaeneza namna ya kuuandika kwa herufi tu, ambayo wamisionari walikuja nayo Afrika.

Faida ya silabi hizo haikuwa kusoma tu. Kati ya mi na fa pana nusu sauti, na mwimbaji aliyekwisha kuizoea tofauti hiyo alijua mwenyewe mahali pa kupandisha au kushusha nota hata kama haikuandikwa. Hapa ndipo pananistaajabisha kuliko pengine pote. Alama za kupandisha na kushusha, zile tunazoziita shapu na flati, mara nyingi hazikuwekwa kabisa. Mwimbaji alitarajiwa kujua kwamba sauti zikielekea kutua, yule anayeshuka hatua moja na kurudi anapaswa kubana hatua hiyo iwe nusu. Alitarajiwa pia kusikia kwamba nota yake inakaribia kugongana vibaya na ya besi, na kuirekebisha kabla haijamtoka mdomoni. Kwa maneno mengine, kila mmoja alikuwa nusu mtunzi. Walifundishwa hata kuongeza sauti mpya papo hapo juu ya wimbo wa kanisa, bila kuandikiwa chochote zaidi ya wimbo wenyewe. Mtu awezaye hivyo hahitaji kunyooshewa kidole ndipo aingie.

Watunzi nao walisaidia, kwa namna walivyousuka muziki. Chukua *Ave Maria… virgo serena* ya Josquin, wimbo ambao mchapishaji Ottaviano Petrucci aliuweka wa kwanza kabisa katika mkusanyo wake wa moteti, nyimbo za dini za Kilatini, wa mwaka 1502. Soprano anaanza peke yake na kipande kifupi cha sauti, maneno mawili tu. Anapomaliza, alto anakirudia kilekile, kisha tenor, kisha besi. Halafu maneno mawili yanayofuata yanapita njia ileile. Kwa mwimbaji wa besi hiyo ni zawadi: amekwisha kusikia mara tatu kile anachotaka kuimba, na anajua sauti ipi ikimaliza ndipo zamu yake. Baada ya muda sauti zote hutua pamoja, kila mtu akavuta pumzi, na aliyekuwa ameteleza akapata mahali pa kujiunga upya. Namna hii ya kuigana sauti ilienea Ulaya nzima katika karne ya 16, kwenye misa, kwenye moteti, mpaka kwenye nyimbo za mapenzi.

Wakati mwingine mtunzi hakuwahurumia hata kidogo. Katika misa ya Ockeghem iitwayo *Missa prolationum*, kwa sehemu kubwa imeandikwa mistari miwili tu, lakini wanaimba watu wanne. Kila mstari una alama mbili tofauti mwanzoni. Wawili wanasoma nota zilezile, mmoja akizihesabu kwa alama ya kwanza na mwenzake kwa ya pili, na kwa kuwa hesabu hazifanani, wanaachana kadiri wanavyoendelea. Ukiisikia bila kuelezwa hutahisi fumbo lolote, maana sauti zinatiririka tu.

Josquin naye alikuwa na michezo yake. Ercole wa Kwanza, mtawala wa Ferrara huko Italia, alitaka misa yenye jina lake. Cheo chake kwa Kilatini kilikuwa *Hercules Dux Ferrarie*. Josquin akachukua irabu tu: e, u, e, u, e, a, i, e. Kila irabu akaitafutia silabi ya Guido yenye irabu hiyo, ikawa re, ut, re, ut, re, fa, mi, re. Nota nane. Tenor anaziimba tena na tena kwa urefu mbalimbali misa nzima, huku sauti nyingine zikizunguka. Mtawala alisifiwa ndani ya Misa takatifu bila jina lake kuingizwa katika sala hata mara moja.

Kiswahili kinaukubali mchezo huu kuliko lugha nyingi, kwa kuwa irabu zetu tano ndizo hizohizo: u ni ut, e ni re, i ni mi, o ni sol, na a unaweza kuchagua fa au la. Kilimanjaro inatoa mi, mi, fa, la, sol, tenor safi kabisa ya kutungia misa. Bujumbura ni ut, ut, ut, fa. Hiyo nayo haina neno, ila mwimbaji wake asilalamike kuchoka.

Tukiwa bado Ferrara, kuna barua moja ya mwaka 1502 inayoonyesha soko la wanamuziki lilivyokuwa. Wakala wa Ercole alikuwa ametumwa kutafuta mkuu mpya wa kwaya, na chaguo likabaki kati ya Josquin na Isaac. Wakala akampendekeza Isaac: ni mtu wa kuelewana na wenzake na hutunga mara kwa mara. Josquin, akakiri, hutunga vizuri zaidi, lakini hutunga anapotaka yeye na si anapoombwa. Tena anadai dukati (sarafu za dhahabu) 200 wakati Isaac atakuja kwa 120. Ercole alimchukua Josquin. Nadhani alifanya vizuri, ingawa hakufaidi muda mrefu: Josquin alifika 1503, na mwaka uliofuata akaondoka wakati tauni inauandama mji. Nafasi yake ikachukuliwa na Obrecht, na tauni ikamuua Obrecht hapohapo mwaka 1505.

Mei 1498, mwezi mmoja hivi baada ya Vasco da Gama kupokewa Malindi kwa mlio wa siwa mbili za pembe za ndovu, Petrucci alipewa na serikali ya Venice haki ya pekee ya kuchapa muziki kwa miaka 20. Mwaka 1501 akatoa *Odhecaton*, kitabu cha kwanza cha muziki wa sauti nyingi kuchapwa kwa herufi za kupanga. Kila karatasi ilipita mashineni zaidi ya mara moja, mistari mara moja na nota mara nyingine. Kazi yake ni safi mno, na bei yake haikuwa ya kila mtu. Bei ilishuka mwishoni mwa miaka ya 1520, Pierre Attaingnant wa Paris alipoanza kutumia herufi zenye nota na kipande cha mstari pamoja, kila karatasi ikachapwa mara moja tu.

Vitabu hivi vya bei nafuu vilikwenda hatua moja mbele katika kutenganisha sauti. Sasa kila sauti ilikuwa na kijitabu chake. Ukinunua madrigali, yaani nyimbo za mashairi yasiyo ya dini, za sauti nne, unapewa vijitabu vinne, na ukipoteza cha tenor umepoteza wimbo wote. Mkusanyo wa madrigali wa Jacques Arcadelt wa mwaka 1539 ulichapwa upya zaidi ya mara hamsini. Mwaka 1568 Maddalena Casulana akatoa mjini Venice kitabu chake cha madrigali, na ndiye mwanamke wa kwanza tunayemjua kuchapisha kitabu kizima cha tungo zake mwenyewe. Makanisani wanawake hawakuimba kwaya, isipokuwa watawa ndani ya monasteri zao. Sauti za juu ziliimbwa na wavulana au wanaume waliobana koo. Nyumbani na kwenye majumba ya watawala ilikuwa habari nyingine, na Ferrara, hiyohiyo, kuanzia mwaka 1580 ilivuma kwa kundi la waimbaji wanawake ambao wageni walisafiri kuja kuwasikia.

Kuimba kutoka kwenye kijitabu kukawa sehemu ya adabu. Thomas Morley, Mwingereza, anaanza kitabu chake cha mafunzo cha mwaka 1597 kwa kisa cha bwana mmoja aliyealikwa chakula cha jioni. Chakula kilipokwisha, vitabu vya nyimbo vikaletwa mezani kama ilivyokuwa desturi, na mama mwenye nyumba akampa sehemu yake aimbe. Akakataa kwamba hajui. Wageni wakashangaa, wengine wakanong'onezana huyu kalelewa wapi. Kesho yake akaenda kutafuta mwalimu. Mwaka huohuo, London, John Dowland alichapa nyimbo zake kwa mpangilio ninaoupenda sana: kitabu ni kimoja, lakini ukikilaza wazi mezani, sauti zimetazama pande tofauti. Wa soprano na luti (ala ya nyuzi) anakaa huku, wa alto kule, wa tenor na besi kwingine, kila mtu anasoma iliyomwelekea, na wote wanaonana uso kwa uso. Hakuna nafasi ya kondakta kwenye meza ile, labda asimame juu yake.

Luti hiyo ni mtoto wa udi wa Waarabu, ulioingia Ulaya kupitia Uhispania ya Kiislamu na Sicily. Udi wa taarab ya Unguja ni ndugu yake wa damu. Muziki wa sauti nyingi ndio uliowatenga. Mpaka karne ya 15 luti ilipigwa kwa unyoya, sauti moja ikikimbia kama inavyofanya kwenye udi hadi leo. Wapigaji walipotaka kubeba sauti mbili au tatu za moteti peke yao, waliuweka unyoya chini wakatumia vidole. Wakaanza pia kuandika kwa namna yao: mistari ni nyuzi, namba ni mahali pa kubana. Petrucci alichapa kitabu cha luti cha Francesco Spinacino mwaka 1507. Zumari za pwani yetu nazo zina jamaa zao huko: zumari kubwa za Ulaya, zenye mwanzi mdomoni na kelele za kutosha uwanja mzima, zilipigwa pamoja na tromboni za kale kwenye sherehe za miji. Ndani ya nyumba walipendelea violi (ala za nyuzi za kupigwa kwa upinde), filimbi na luti. Makanisa mengi yalitumia kinanda, na mengine korneti za mbao. Kanisa dogo la Papa, Sistina, halikuruhusu ala yoyote, na huko ndiko Giovanni Pierluigi da Palestrina aliimba kwa miezi michache mwaka 1555 kabla ya kuondolewa kwa kosa la kuwa na mke.

Kwa nini basi tumekuja kuwa na kondakta na nota zilizopangwa? Idadi ilichangia. Watunzi walizidi kuongeza sauti, na karibu na mwaka 1570 Thomas Tallis alifikia 40 katika *Spem in alium*, kwaya nane za watu watano watano. Hapo kumsikiliza jirani peke yake hakutoshi tena. Ila nota za kupangana zilizochapwa hazikuanza kwa ajili ya waimbaji. Mwaka 1577 Venice zilitoka madrigali za Cipriano de Rore zikiwa zimepangwa sauti chini ya sauti, zimegawanywa kwa vistari, na ukurasa wa mbele unasema zimeandaliwa kwa ajili ya wapiga ala na wanafunzi wa utunzi, yaani watu wanaotaka kuuona wimbo mzima kwa mpigo mmoja. Waimbaji waliendelea na vijitabu vyao kwa miaka mingi baadaye.

Baada ya 1600 muziki ulianza kujengwa juu ya besi moja ya kinanda, makundi yakawa makubwa, na kupiga mapigo kukageuka kazi ya mtu mmoja. Haikuwa kazi salama. Mapema mwaka 1687, Paris, Jean-Baptiste Lully alikuwa akiongoza wanamuziki kwa kugonga fimbo ndefu sakafuni, akajigonga kidole cha mguu. Kidonda kikaoza, na Machi mwaka huohuo akafa.